Tundu la Nne

Saa tisa usiku, Punta Arenas.
Nje upepo unasukuma kopo la bia barabara nzima,
humu ndani feni zinavuma sauti moja.
Kadi imefika kwa ndege ya jana kutoka Santiago,
kisanduku kimeandikwa MPYA kwa wino mwekundu,
na msimamizi wangu, Oyarzún, amekwisha kunipigia mara mbili:
"Chomeka tu, Nevenka. Ikiwaka, kalale."

Ikiwaka.
Hata kiberiti kilicholowa huwaka mara moja.

Navaa mkanda wa waya kifundoni mwa mkono
nisije nikaiunguza kwa cheche nisiyoiona.
Naigeuza. Nasoma nambari ya ubavuni kwa sauti,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mwenye duka:
F, nne, sifuri. Au ni O?
Nainama na tochi. Sifuri.
Karatasi ya mzigo nayo inasema sifuri. Haya.

Iliyokufa naitoa kwanza.
Vishikizo viwili, kulia na kushoto, vuta pamoja,
inatoka na vumbi la kijivu, laini kama unga wa sembe.
Mpya inateleza kwenye reli zake hadi ta!
Kisha ta! ya pili.
Taa ya njano.
Njano.
Njano, na chai yangu imepoa.

Ng'ambo ya mlango-bahari, Porvenir,
Eleuterio yuko kwenye simu ya redio.
"Vipi huko?"
"Njano."
"Hapa kimya. Kliniki ya figo inafungua saa kumi na mbili."
Najua. Majibu ya damu hupita humu, katika tundu hili.

Kijani.
Wengine hapa ndipo huvaa makoti.
Mimi nauliza. Naandika amri, ruta inajibu:
tundu la kwanza, ipo. La pili, ipo. La tatu, ipo.
La nne, ipo; jina ndilo, nambari ndiyo,
programu imepitwa na matoleo mawili.
Naipa ya sasa. Dakika kumi na moja, njano tena.
Kisha natuma pakiti elfu kumi kila mlango, ziende zirudi.
Zilizopotea: sifuri, sifuri, sifuri,
na mlango wa sita, tatu.
Tatu si nyingi. Tatu si sifuri.
Nachomoa uzi wa kioo, nafuta ncha yake, narudia.
Sifuri.

Halafu nafungua kumbukumbu yake ya ndani,
mahali ambapo hakuna anayelipwa kwenda.
Saa ilizowashwa: 41,212.
Makazi ya mwisho: Iquique, tundu la pili.

Iquique! Jangwani, kaskazini kule, ambako mvua ni hadithi.
Ewe mpya, una miaka minne na ushei kazini.
Nani alikuosha uso, akakuvika plastiki,
akakupa cheti cha kuzaliwa cha juzi?

Sicheki. Nilipokuja kushika kiti cha Ulloa
walinikagua wiki tatu: vyeti, wadhamini, kama mikono inatetemeka.
Hakuna aliyeuliza nimefika nimechoka kiasi gani.

Saa kumi na moja na dakika ishirini.
Nikiirudisha, nyingine ni Alhamisi.
Nikinyamaza, Oyarzún atatia saini penye MPYA,
muuzaji atalipwa bei ya mpya,
na siku ikifa watasema ilikufa kijana.

Naandika daftarini, kwa kalamu:
Tundu la nne. Inafanya kazi. Milango minane safi.
Si mpya. Saa 41,212, nakala imebandikwa nyuma.
Bei ijadiliwe. Mwenye kubisha aniulize mimi, N. Barrientos.

"Eleuterio, jaribu sasa."
Kimya. Upepo kwenye simu yake, upepo mlangoni kwangu,
upepo uleule, wa kwake umechelewa kidogo.
"Ipo," anasema.

Naichukua ile iliyokufa, naipangusa vumbi,
nailaza ndani ya kisanduku kilichoachwa wazi.
Neno MPYA nalikata kwa mstari mmoja.
Nakitia kwapani, nazima taa.