Simu ya Tatu

Toledo, Ohio, Jumamosi ya barafu,
ukumbi uliokuwa duka la samani.
Tumekaa wanne mezani, kila mmoja na simu yake,
kazi yetu kuazima masikio
kwa watu wasiotaka kuonekana.
Mimi nina ya tatu.

Mbele wanapita wachezaji waliokwisha kufa,
mashavu mekundu ya wino, gongo begani,
kila mmoja ndani ya plastiki ngumu
kama jino la mfalme,
na juu ya kichwa chake nambari.
Nane. Saba na nusu. Tisa!
Kwa tisa ukumbi mzima unakohoa.
Tisa ni mtoto asiyewahi kushikwa,
aliyelala miaka sabini ndani ya kopo la biskuti,
kona zake kali kama wembe,
haijui harufu ya mfuko wa suruali.
Chema chajiuza: nyundo inalia
kwa dola elfu thelathini na moja,
watu wanapiga makofi kana kwamba wamezaa.

Kisha fungu la mia mbili na kumi na nne.
Haverkamp, mdakaji, mwaka wa hamsini na mbili.
Kutoka mirathi ya Wanda R., mtaa wa Lagrange.
Daraja: moja.
Wapima kona walimlaza chini ya lenzi, wakaandika
kwa lugha yao isiyo na huruma:
mkunjo, doa la chingamu, tundu la pini
juu ya kofia.
Dalali anasoma mbiombio,
kama anayetaja madeni ya mtu mwingine.
Arobaini? Nani ana arobaini?

"Mia," inasema simu.

Sauti ya mzee, kavu, na nyuma yake
mashine fulani inapumua kwa zamu.
Nainua kibao. Mstari wa mwisho
koti la kijivu linainua chake.
Mia mbili. Mia tatu. Mia tano, simu.
Namnong'oneza, ingawa hatulipwi kushauri:
Bwana Rybarczyk, kwenye kitabu ni hamsini.
"Kitabu hakikulala chumba kimoja nami," anasema.
"Ongeza."

Elfu moja na mia mbili.
Koti la kijivu linageuka,
linatazama meza yetu, simu baada ya simu,
kama anayetafuta sura ndani ya waya.
Leseni niliyonakili asubuhi
ina kidevu hichohicho.
Lakini kidevu ni kidevu tu. Sina hakika.

"Anayeshindana nami amevaa nini?"
Hilo haliruhusiwi.
Kijivu, nikasema.
Mashine ikapumua mara mbili.
"Bega la kushoto limeshuka?"
Nikatazama bega.
Ndiyo, bwana.

Elfu moja na mia nne, upande wa koti.
Mara ya kwanza.
"Hilo tundu," inasema simu, "sijui bado
linaonekana ukiweka mwanga nyuma yake.
Mimi ndiye niliyempigilia ukutani.
Yeye ndiye aliyelia."
Mara ya pili.
Kibao kiko mapajani. Ninyanyue, bwana?
"Acha."

Nyundo.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye karatasi
niliandika: 214, tumeshindwa.
Nikakata neno, sikupata jingine.
Simu haikukatwa.

Kule kwenye dirisha la malipo
koti la kijivu linaomba bisibisi.
Msichana wa stakabadhi anashtuka:
Ukiifungua, mzee, daraja litapotea!
"Daraja la moja," anamjibu, "litapotea liende wapi?"
Plastiki inapasuka, mlio mdogo,
kama ganda la karanga.

"Nini hicho?" inauliza simu.

Sikumjibu mara moja.
Alikuwa ameshika kadi kwa vidole viwili,
akaiinua kwenye kioo, theluji ikianguka nyuma yake,
jicho moja amelifumba.

Linaonekana, bwana, nikasema,
na dalali tayari yuko mia mbili na kumi na tisa.