Nafsi ya Kwanza, Umoja

Tulimfunga macho kwa soksi ya Bwanaheri,
soksi ya mazoezi, ya wiki nzima,
tukampakia kwenye tuktuk ya Ngumbao,
tukamzungusha Maweni, Barani, tena Maweni,
mpaka kichwa chake kikapoteza kaskazini.
Tukamshusha. Tukamwambia: hapa ni gatini,
ukingoni kabisa, mbele yako maji.
Asiyeruka si mwenzetu.

Hapakuwa na gati.
Palikuwa nyuma ya uwanja wetu wa wavu,
na alichosimamia ni benchi
la wachezaji wa akiba, lenye msumari uliochomoza.
Urefu wake haufiki goti langu.

Mimi nilikuwa na ndoo.
Maji ya bahari, niliyateka mwenyewe alasiri ile,
kazi yangu kuyamwaga kidogo kidogo, chwaa, chwaa,
Thoya asikie mawimbi chini yake.
Na nilikuwa fundi. Nilimwaga, nikangoja, nikamwaga,
kama bahari inavyopumua.

Mwaka uliotangulia niliruka mimi.
Nilianguka kifudifudi mchangani, wakacheka, nikacheka,
wakaninunulia viazi karai na ukwaju,
na tangu usiku huo nikaanza kusema "sisi".
Kwa hiyo nilijua utamu uko mwisho.
Nilidhani najua.

Thoya ni mtu wa Marafa. Bahari aliiona
siku aliyokuja kujisajili chuoni.
Hakutuambia kwamba hajui kuogelea.
Alimwita mama yake, bila kupaza sauti,
kama anayemwita aliye jikoni,
akaruka.

Mtu anayerukia kina
hunyoosha miguu, hubana pumzi, hungoja.
Ardhi haikumngoja.
Ilimpokea kabla hajamaliza kuanguka,
na kifundo cha mguu kikasema neno moja
tulilolisikia sote
katikati ya kicheko.

Jumatatu, mbele ya kamati:
"Tulikuwa tunatania, mwalimu."
"Tulifanya kama tulivyofanyiwa."
"Tulidhani. Tulitaka tu."
Tu, tu, tu, kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Mmoja wa kamati alitaka tufukuzwe.
Mwingine akasema samaki mmoja akioza wote wameoza,
timu nzima ifungiwe msimu.
Mkuu wa chuo, Bi Nyamawi, akapitisha kalamu kwenye orodha,
akafika nambari kumi na moja: Thoya.
Kumi na mbili, Kitsao, kumi na tatu, Yaa,
waliokuwa wamefungwa macho wakisubiri zamu.
Akaiweka kalamu.
"Hawa si tenga la samaki," alisema.

Kabla ya ukuu alifundisha Kiswahili.
Akagawa karatasi, kila mtu yake.
"Andikeni. Sitaki kuona *tu*.
Nafsi ya kwanza, umoja."

Umoja!
Neno tulilolipiga chapa mgongoni mwa jezi.

Bwanaheri alikaa saa nzima, akatoa mstari mmoja:
Nilivua soksi yangu.
Ngumbao: Niliendesha, nilijua njia.
Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika:
Nilimwaga maji ili aamini.

Kila mtu akapewa la kwake.
Bwanaheri akavuliwa unahodha na msimu wake wa mwisho.
Ngumbao alipe hospitali kwa nauli za tuktuk,
na Thoya apande bure hadi atakapotupa magongo.
Bwanaheri alisema ni nyingi mno.
Mama yake Thoya alikuja na basi la asubuhi,
akasomewa, akasema ni kidogo,
akarudi na basi la mchana.

Mimi nilipewa ndoo.
Ile ile. Maji ya bomba, wiki sita,
kila alfajiri hadi ghorofa ya pili, mlangoni pa Thoya,
kwa kuwa ngazi zimemshinda.

Wiki ya tatu alikuwa macho, plasta juu ya mto.
"Yale mawimbi," akauliza, "ni wewe?"
"Ni mimi."
Akanitazama kwa muda.
"Yalikuwa ya kweli kabisa."

Sikujua hiyo ni sifa au ni hukumu ya pili.
Nikaitua ndoo sakafuni, polepole,
nikiyashika maji kwa kiganja
yasitoe sauti.