Ukuta wa Komini

Baba yangu, Musoka, aliandika MGAO WA HAKI
kwenye ukuta wa komini, Kamalondo,
herufi nyekundu, kimo cha mtoto wa miaka mitano.
Rangi ililetwa na gari la serikali.
Brashi ilikuwa yake.

Mama alipita na bidoni kichwani, akasoma.
«Mgao tunaujua,» akasema.
«Umeme saa nane za usiku, maji alfajiri.
Hilo neno la mwisho ndilo geni.»

Akaja rais mwingine. Chokaa,
halafu UHURU MPYA.
Baba akamuuliza karani: ule wa zamani
ulichakaa, au uliibiwa?
Karani alicheka mpaka akasahau kumlipa.

Nisiseme uongo. Kuna mwaka mmoja
mkaguzi alifika kweli machinjioni,
akamwaga nyama iliyooza, akavunja mizani ya uongo,
na watoto waliookota mawe ya shaba
wakarudishwa darasani, siku arobaini hivi.
Mwaka ule ukuta ulikuwa mtupu.
Hakuna aliyeona haja ya kuupa jina.

Juzi mvua ya Desemba imekwangua chokaa.
Nimesimama pale na mwavuli uliovunjika mbavu, nasoma:
UHURU WA HAKI,
maneno ambayo hakuna rais aliyeyaagiza.
Na chini, pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa Baba akiwa bado kijana:
*bado siku tatu, ndoo mbili.*

Hilo nimelipaka upya,
kwa rangi yangu.