Onyo Kwenye Kisanduku cha Dawa

Chini ya jina la Bwana Sugden na idadi ya vidonge
wameandika onyo la neno moja
ambalo zamu yangu ya kwanza nililisoma "drozi",
kama jina la rangi ya ukuta.
"Drauzi," akanisahihisha, macho yamefumba.
"Litamke kama unapiga miayo."

Saa tisa usiku, Keighley.
Mvua inakuna madirisha ya nyumba ya wazee,
na kengele ya chumba namba kumi na nne
inalia tangu saa saba.
Dawa haimpi tena hata lepe.
Haombi maji, haombi mto. Anataka masikio.

Miaka arobaini alipanga herufi za risasi
kiwandani kwa gazeti, Bradford;
vidole vyake bado vinazitafuta shukani.
Neno hili, ananiambia, lina shina la kale, drusian:
kuzama, kuinama, kwenda kwa uzito,
na jamaa yake wa karibu ni kuanguka.
Majani yalianguka kwa neno hilo,
na kuta, na wanaume vitani.

Kumbe ndiyo maana, nikasema,
nyinyi huanguka usingizini.
Sisi usingizi hutuchukua.
"Hukuchukueni wapi?"
Sikuwa na jibu.
Bibi yangu, Lushoto, alisema tu umemchukua,
hakutaja wapi.

"Basi sikiliza. Likapotea."
Karne na karne hakuna ukurasa unaolionyesha.
Wafalme wakatawazwa, wakazikwa,
lugha ikabadili nguo mara mbili,
neno halipo.
Kisha siku moja hilo, limeketi kwenye mstari wa mtu,
linafikicha macho
kama abiria aliyesinzia kwenye basi la Skipton
akapitiliza vituo vyote.
"Lilikuwa wapi?" Sasa niliuliza mimi.
"Vinywani," akasema. "Vinywa havitoi risiti."

Akacheka, akakohoa, nikamweka sawa.
Nje lori la maziwa likapita.
Nami nikawaza maneno ya bibi
ambayo sijayasema tangu nitue hapa,
kama yamelala tu,
au mimi ndiye kituo walichokipitiliza.

Saa kumi na robo kichwa chake kikaanza safari,
kidevu kikatafuta kifua,
mkono ukaachia ukingo wa kitanda
kidole kwa kidole.

Nikafungua daftari la zamu, kalamu ikasita.
Hapa "ameanguka" ni fomu ya kurasa tatu
na simu kwa binti yake, Halifax.
"Amechukuliwa" ni gari jeusi mlango wa nyuma.

Nikaandika saa.
Nikaandika drauzi, kwa tahajia ya kwetu.
Kisha nikainamisha sikio karibu na mdomo wake,
nikangoja,
mpaka pumzi ikaja.