Ripoti ya Zamu ya Usiku

Kaa, Shikuku. Si kwenye kiti hicho,
hicho kimelegea kiuno kama mimi.
Mvua ya Kakamega imekesha nasi,
bati limepigwa isukuti tangu saa nane,
na kalamu yangu imeishiwa wino, kwa hiyo sikiliza.

Kitanda cha pili, homa imeshuka.
Cha nne ni yule mwalimu wa Khayega,
asipewe chai mpaka daktari apite.
Cha saba,
cha saba nitakirudia.
Cha kumi na moja ki wazi. Ameondoka saa tisa.
Mama yake yuko verandani, mwenye leso ya buluu.
Mwendee kabla hujavua koti.

Sasa cha saba.
Mzee Wechuli, mpakiaji wa miwa kule Mumias,
kilo tisini na nne, na upande wa kushoto
haumsikii tena.
Kadi inasema ageuzwe kila saa mbili.
Haisemi na nani.

Nilipokuwa na wiki tatu hapa, kama wewe,
nilipitisha mikono chini ya kwapa za mtu,
nikasema Mungu nisaidie, nikavuta.
Kitu kikalia,
kidogo tu, kama kijiti cha kiberiti.
Nilidhani ni kitanda.

Nikamaliza zamu. Nikapaka dawa ya kuchua.
Miaka kumi na tisa nimepaka,
na leo nafunga viatu nikiwa nimelala chali,
ndoo ya maji hunibebea binti yangu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema;
aliyepanga wauguzi wawili kwa vitanda thelathini na sita
hajabeba hata hilo kanda.

Hebu njoo uone.
Hendeli ya kitanda iko droo ya chini, ndani ya pamba.
Nimeificha, wodi ya pili wana mikono mirefu.
Zungusha mpaka godoro likufikie kiunoni.
Itapiga kelele kama nguruwe; iache ipige.
Breki. Mguu mmoja mbele.
Kunja magoti, mgongo uuache ulivyoumbwa.
Msogeze mtu karibu na kifua chako,
usimnyooshee mikono kama mwombaji,
na ukitaka kugeuka, geuka na nyayo zako,
kiuno si bawaba.

Ile nailoni ya manjano kwenye kamba
ilikuwa mwavuli wa muuza kredi sokoni, upepo ukauvunja.
Nasambu fundi alinishonea kwa shilingi mia mbili.
Itandike chini yake, halafu vuta shuka:
mtu mzima anateleza
kama ugali kwenye sahani iliyolowa.
Ifue kwa jiki. Usimwazime mtu.

Ngoja, sijamaliza.
Jana usiku nilikuwa peke yangu, Mmbone yuko leba,
nikainama juu ya huyu mzee, na mikono tayari.
Akanishika kifundo kwa mkono wake mzima,
mkono wa panga na minyororo ya trela,
akasema, kwa maneno yaliyopinda mdomoni,
kwamba wao kwenye miwa hawabebi kabla ya kuitana.
"Wewe humwiti mtu?"

Nikaona haya. Nikatoka mvuani, nikaita.
Akaja mpishi na unga viganjani,
akaja askari wa lango, akavua kofia
kana kwamba anaingia kanisani.
Tukahesabu, na kwenye tatu
Wechuli naye akasukuma kwa mguu wa kulia,
akacheka kwa nusu ya uso.

Kiuno changu hakikulia.
Nilikaa nikikisubiri kilie.

Basi, tia sahihi hapa.
Na hapa pembeni nimechora safu nyingine kwa rula,
ya waliomgeuza.
Andika majina.
Ukija kwangu kesho na jina moja tu,
sipokei ripoti yako.