Kiambatisho cha Tano

Fomu imekuja kwa simu, kurasa ishirini na nane,
nami naisomea juu ya kilima cha makaburi
kwa kuwa hapo tu ndipo mtandao unashika.
Wafu wetu wameshazoea. Huwaomba radhi kwanza,
kisha nampigia kelele Mama Mkubwa Anasiria
aliye kule chini, zizini, akikama:
"Wanauliza wanufaika ni wangapi!"

"Na mbuzi?" anajibu. "Mbuzi wamo?"

Mbuzi hawamo. Nimeangalia.
Wamo wanawake, vijana, wenye ulemavu,
kipo hata kisanduku cha hewa ya ukaa,
lakini mbuzi, ambao hufika kisimani kabla yetu
na kutuambia kwa pua kama maji yameingia chumvi,
hawana kisanduku.

Hapa Guajira, ambako jangwa huingia baharini
bila kupiga hodi, sisi Wawayuu
miradi tunaihesabu kwa vibao vyake.
Kibao cha kwanza kimekuwa mlango wa banda la kuku.
Cha pili kina nembo nne na mikono inayoshikana;
binamu yangu Yaneth huanikia samaki juu yake.
Cha tatu kingali kimesimama mbele ya mtambo wa jua
uliotupa maji matamu siku tisini na moja.
Siku ya tisini na mbili ukawasha taa nyekundu.
Tukaandika barua. Fundi yuko Barranquilla.
Fundi anasubiri kibali. Kibali kinasubiri sahihi.
Sahihi iko likizo.
Taa nayo, mchapakazi, haijazimika hata usiku mmoja:
watoto huitumia kutafutia viatu.

*Swali la kumi na nne. Eleza uendelevu wa mradi
baada ya ufadhili kukoma. Maneno yasizidi mia moja.*

Nikashuka na swali hilo kama mtu aliyebeba yai.
Mjomba Tulio alikuwa amepiga magoti
chini ya kinu cha upepo, kile cha chuma, cha enzi za bibi,
ambacho mtaalamu alikipiga picha mwaka juzi
akaandika chini yake: miundombinu iliyopitwa na wakati.
Mabomba kayang'oa, kayalaza mchangani kama nyoka waliouawa.
Mkononi ana kipande cha ngozi, duara,
kililoweshwa mafuta siku tatu.
"Shika hapa," akasema. "Fomu haitakimbia."

Nikashika. Tukashusha, tukakaza, tukaachia breki.
Upepo wa huku haungoji sahihi ya mtu.
Kinu kikagugumia, kikakohoa kutu,
bomba likatoa kwanza hewa, kisha mjusi,
kisha tope jekundu, kisha
Mama Mkubwa akakinga kiganja,
akaonja, akatema, akaonja tena.
"Yana chumvi kidogo," akasema. "Kama zamani."
Mbuzi walikuwa wameshafika.

Usiku nikapanda tena kwa wafu.
*Kiambatisho cha Tano: Bajeti.*
Kipengele: ngozi. Idadi: moja.
Mchango wa jamii: beberu mmoja, mwenye baka jeusi shingoni,
aliyekuwa na tabia ya kutafuna kamba za machela.
Risiti: hakuna. Tumemla.
Maombi: ngozi za akiba; mafuta;
nauli na karo ya kijana mmoja, Neiver au dada yake,
akafunzwe ile taa nyekundu inasema nini.

Nikajumlisha. Nikajumlisha mara ya pili.
Nikabonyeza tuma, nikainua simu juu
kama anayemwonyesha mwezi mtoto wake.

Jibu halikukawia:
*Kiasi kilichoombwa kiko chini ya kiwango cha Mfuko.
Tafadhali ongeza.*

Nimekaa hapa, mgongo kwenye kaburi la bibi,
chokaa yake bado ina joto la mchana.
Niongeze nini? Kibao?
Kule chini kinu kinazunguka gizani
na kila mzunguko kinalia, kile kilio cha chuma kwa chuma.

Grisi. Naongeza grisi.