Vikombe Thelathini na Saba

Mwaka ule mvua iliinyima Dodoma hata salamu.
Mabomba ya gereza yakakohoa kutu, yakanyamaza,
na bwana jela akatupimia kikombe kimoja kwa kichwa:
unywe, unawe, uoge, shauri yako.

Ndipo nilipotaka kubatizwa.

Katekista Chiloloma alikuna kidevu.
"Senyagwa, huoni majira?
Matone matatu yanatosha. Mungu hapimi kwa lita."
Nikamwambia yangu mimi hayaishi kwa matone.

Nkuhungu, usiku, nyuma ya mashine ya kusaga,
tulikuwa saba, tukijiita Wana Kokoto;
mkubwa wetu miaka kumi na saba, ndevu za kuchora kwa mkaa.
Tulitaka simu. Simu tu.
Ndahani hakuachia usukani.
Panga lilikuwa kwangu.
Vidole vitatu vilianguka kwenye pumba za mtama
bila sauti,
na taa ya pikipiki ikaendelea kuwaka
ikimulika ukuta usio na kosa.

Simu tuliiuza Sabasaba, elfu ishirini na tano.
Mgawo wangu nilikula chipsi mayai.
Hili ndilo nililoshindwa kumwambia hakimu:
kwamba zilikuwa tamu.

Habari ya ubatizo ilizunguka selo kwa selo.
Jumapili wakaja na vikombe vyao vya plastiki,
wamevifunika kwa viganja kama wabeba kaa la moto:
Masinjisa wa kesi ya ng'ombe,
Bakunda aliyeua na hasemi nani,
hata Tito wa genge la Chang'ombe
aliyeapa kunitoboa jicho.
Akamimina, akasonya, akaenda zake.

Wa mwisho, Shekhe Mbwana.
Yalikuwa maji yake ya udhu.
Aliyamwaga ndoo, akasogea hadi penye vumbi jekundu,
akapiga viganja chini, akajipaka uso,
akatayamamu kwa ardhi ileile tuliyozoea kuilaani.
"Mimi vumbi linanitosha," alisema.
"Wewe una mengi ya kuosha."

Tulicheka. Katekista pia.
Kisha maji yakanishukia, yananuka midomo ya watu thelathini na saba,
sabuni, chai ya jana,
nikalia kwa sauti ya ndama.

Sikutoka malaika. Kesho yake nilipigania ugali.
Lakini siku hizi napangwa shamba la zabibu,
nimekabidhiwa mkasi wa kupogolea,
na askari huniachia safu nzima peke yangu.
Nakata. Mzabibu hutoa machozi palipokatwa,
wiki mbili baadaye unachipua palepale.

Kidole hakichipui.

Nimemwandikia Ndahani barua nne.
Dada yake alijibu moja, mstari mmoja:
"Siku hizi anauza maji, anasukuma toroli."
Sijui kama ni msamaha au ni bili.

Tangu hapo, kikombe changu cha asubuhi
siwahi kukinywa.
Nakishika kwanza kwa vidole vyote kumi,
nakitazama hadi vumbi litue chini.